Kidaka Kimoja, Nyakati Mbili: Kutengeneza Picha Mseto Kutokana na Shairi

Mpe mchoraji utenzi wa Al-Inkishafi aufanyie picha, na mara nyingi atakurudishia kitu kilekile: gofu la mawe, mwezi mpevu, popo watatu wanaopaa, na mzee wa kanzu aliyeshika tama. Hakuna uongo humo. Magofu yamo katika utenzi, popo wamo, na majonzi yamo tele. Lakini picha hiyo ukiibandika juu ya hadithi ya majini itakubali, na ukiwapelekea wenye mashua za watalii wataitia kwenye tangazo lao bila kubadili chochote. Mchoraji ameviorodhesha vitu vilivyotajwa. Alichokiacha nje ni yale yanayovipata vitu hivyo ndani ya utenzi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kutengeneza picha mseto kutokana na shairi, yaani picha ambayo ndani yake karatasi zilizobandikwa, rangi, wino, mkaa, plasta na nyuzi vinakaa pamoja juu ya ubao mmoja. Tutafuata mfano wa Al-Inkishafi, kwa kuwa ni utenzi uliojaa vitu vya kushikika, na vifaa vya kuutengenezea picha vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi na duka la vitabu na kalamu. Sharti langu ni moja: kila kitu unachokiweka kiwe na sababu iliyotoka ndani ya shairi. Ukiulizwa kwa nini hapa umebandika kitambaa badala ya kupaka rangi, na jibu lako likawa "kinapendeza", kibandue.

Anza na vitenzi

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa mtu wa Pate, na utenzi wake kwa kawaida huwekwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni zama ambazo Pate, mji uliotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ulikuwa umechoshwa na vita na ugomvi wa kiti cha enzi. Miaka michache baada ya 1810 majeshi yake na ya washirika wake wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu huko Shela. Mshairi anausemeza moyo wake mwenyewe. Anaupigia mifano ya dunia: bahari yenye miamba, mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu, vumbi linaloonekana katika mwali wa jua na ambalo mkono ukilifuata haupati kitu. Kisha anauingiza katika nyumba za matajiri, penye taa za fuwele na shaba, vyombo vya kaure kutoka China, vitanda na mito kichwani na miguuni. Wenyewe wanakufa. Utenzi unarudi katika nyumba zilezile.

Mara ya kwanza usisome ukiwa na penseli mkononi. Soma kwa sauti, au bora zaidi, mtafute mtu anayejua kughani akughanie, wewe ukae usikilize. Sikio litashika mahali ambapo jicho lingepita. Mara ya pili chukua penseli mbili za rangi tofauti. Ya kwanza zungushia vitu: taa, kitanda, sahani, bundi. Ya pili pigia mstari vitenzi. Vile vitu vilivyozungushiwa vitakushawishi, maana kila kimoja kinaomba kuchorwa, na ukivisikiliza utaishia na duka la vitu vya kale. Fuata vitenzi.

Ukivifuata katika beti za nyumba utagundua kwamba mahali hapabadiliki. Chumba ni kilekile, kitanda ni kilekile. Kinachobadilika ni mkazi. Palipolala mtu buibui wanatambaa, ukumbi uliokuwa na mazungumzo una nyenje wanaolia, na zile zidaka, safu za vishubaka vya plasta vilivyochongwa katika kuta za nyumba za mawe ili vipangwe vyombo vya kaure, sasa zina makinda ya ndege. Hapo ndipo mimi ningesimama. Kidaka kimoja, nyakati mbili, na ndani yake kuna historia nzima ya mji bila kuchora hata mtu mmoja.

Kabla hujagusa rangi, andika uamuzi wako kwa sentensi moja yenye kitenzi. Yangu ni hii: kiota kinachukua nafasi ya sahani. Usiandike "kuanguka kwa Pate" wala "dunia ni hadaa". Hayo ni majibu ya mtihani wa fasihi, na hayachoreki. Sentensi yenye kitenzi inachoreka, tena inakupa orodha ya vifaa kabla hujaenda dukani: unahitaji kitu kigumu, baridi, kinachong'aa, unahitaji kitu kikavu kinachoparuza, na unahitaji ukuta ulioviona vyote viwili.

Vipimo vimo ndani ya ubeti

Wachoraji huhangaika na mpangilio, hili likae wapi na lile liende wapi, ilhali shairi limekwisha kupimwa na mtunzi wake. Katika Al-Inkishafi kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi, na pumzi hukatwa baada ya mizani ya sita. Mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Wa nne una kina cha -ye tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi.

Chukua ubao wa sentimita 40 kwa upana na 48 kwa urefu. Ugawe mikanda minne ya ulalo, kila mmoja sentimita 12. Sasa kata kila mkanda kwa uwiano wa sita kwa nne, yaani sentimita 24 upande mmoja na 16 upande wa pili. Umepata vyumba vinane, vikubwa na vidogo, na ukirudi nyuma hatua mbili utaona kwamba ubeti uliolazwa ubaoni unafanana na ukuta wa zidaka. Sikulipanga mimi hili, ni bahati njema ya mizani na ya mafundi wa Pate, na ningekuwa mpumbavu kuikataa.

Mkanda wa chini, ule wa mshororo wa nne, uufanye tofauti. Usiuchongee kidaka hata kimoja. Uache uwe udongo mtupu, rangi moja, bila kitu. Ukiamua baadaye kutengeneza picha tatu au nne za utenzi huohuo, mikanda mitatu ya juu ibadilike katika kila picha na ule wa chini ubaki vilevile, kama kina cha -ye. Mtazamaji hatahesabu mizani, na hana haja ya kuhesabu. Atahisi tu kwamba picha ina mapigo.

Mashairi mengine yana vipimo vyake. Shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita linakatika katikati, nane kwa nane, hivyo ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, vinakupa ubao wa nusu kwa nusu, na kibwagizo ndicho kitakachobaki bila kubadilika. Shairi huru halina msaada huo. Ukichagua kitu kutoka Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, itabidi upime urefu wa mistari yenyewe: mstari mfupi uliosimama peke yake baada ya mirefu ni nafasi tupu katika picha, nayo ni kazi ngumu zaidi kwa sababu nafasi tupu inataka ujasiri.

Baada ya kugawa, chora vijipicha vya ukubwa wa kiberiti, vingi, kwa kalamu ya kawaida. Havihitaji uzuri. Vinahitaji kuonyesha wapi pana weusi, wapi pana weupe, na jicho linaingilia wapi. Kijipicha kinachosomeka kikiwa kidogo hivyo ndicho cha kukuza.

Jicho la Kijuma

Yuko mtu aliyetangulia katika njia hii. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa mnakili wa miswada, mchonga mbao, mshairi na mwanamuziki. Wasomi wa Ulaya walimwendea awanakilie tenzi kwa hati za Kiarabu, na sehemu kubwa ya kazi za mkono wake leo imo katika maktaba ya SOAS huko London. Jambo la kujifunza kwake ni kwamba alikuwa mtu mmoja aliyeshika kalamu na patasi. Nakshi kwake ilikuwa kazi ya mkono ule ule ulioandika ubeti.

Kwa hiyo nakshi zako zitafute kwenye mbao na plasta za pwani, wala usizivue kwenye intaneti ambako utaletewa maua ya misikiti ya Uturuki na vigae vya Moroko. Ukiwa Lamu, nenda kwenye jumba la makumbusho la nyumba ya Kiswahili uone zidaka zilivyopangwa. Ukiwa Mombasa, Fort Jesus ina vyombo vya kaure vilivyofukuliwa pwani, na utaona kwamba buluu ya sahani za China si buluu moja; kuna inayokaribia kijivu na kuna inayokaribia zambarau. Chora hapohapo kwa penseli. Picha ya simu itakukumbusha umbo la kidaka, lakini haitakufundisha kina chake jinsi mkono unavyojifunza unapojaribu kuchora kivuli.

Ukuta kwanza

Kwa kazi hii sishauri karatasi. Manila itajikunja mara tu ikipata gundi ya maji, na plasta itapasuka mahali usipotaka. Nunua kipande cha hadibodi, upige msasa kidogo upande laini ili ushike gundi, kisha upake gundi nyeupe ya maseremala iliyopunguzwa kwa maji, mbele na nyuma. Nyuma ni muhimu. Ubao uliolowa upande mmoja hujipinda, na ukishajipinda hakuna mzigo utakaounyoosha kabisa.

Vidaka vijenge kwa boksi nene la katoni. Kata fremu ya kila chumba cha mikanda mitatu ya juu, uache tundu lenye tao juu yake, bandika tabaka mbili au tatu hadi upate kina cha karibu sentimita moja. Laza karatasi ya plastiki juu, weka vitabu vizito, uache mpaka kesho. Usiharakishe hapa. Boksi lenye unyevu ndani litatoa vivimbe chini ya plasta wiki moja baadaye, ukiwa umeshamaliza.

Kuhusu plasta, wengi watataka kutumia chokaa halisi kwa kuwa nyumba za Pate zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Wazo ni zuri na sababu imetoka katika shairi, lakini chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, na haipatani vizuri na gundi na karatasi. Changanya badala yake kipimo kimoja cha gundi nyeupe, kimoja cha rangi nyeupe ya ukutani (ile mafundi wanayoiita rangi ya maji), na unga wa chaki kiasi cha kufanya mchanganyiko uwe kama uji mzito. Usitumie unga wa jasi wa mafundi wa dari, kwani huganda kabla hujamaliza kona ya kwanza. Paka tabaka nyembamba, iache ikauke, paka nyingine. Tabaka tatu nyembamba zina nguvu kuliko moja nene.

Nyufa zisiachwe zijiamulie zenyewe. Mahali unapotaka ukuta upasuke, paka gundi nyeupe bila maji, nzito, na subiri hadi ianze kunata kwenye kidole huku bado haijakauka. Hapo pitisha rangi nyeupe ya ukutani juu yake, mpigo mmoja wa brashi, usirudie. Rangi ya juu hukauka na kunywea wakati gundi ya chini bado inateleza, nayo hupasuka. Gundi ikiwa nene nyufa huwa pana, ikiwa nyembamba huwa kama nywele. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi, maana hali ya hewa ya Tanga na ya Arusha haitakupa nyufa sawa.

Sahani nzima, hata zitakazofichwa

Sahani zichore kwenye karatasi nyembamba: duara nyeupe, mzunguko wa buluu ukingoni, ua au samaki katikati. Tumia wino usioyeyuka au rangi ya akriliki. Kalamu ya mpira itapauka, na baadhi ya wino za kalamu za alama zitachuruzika pindi gundi itakapozigusa. Kata duara, bandika ndani ya vidaka (kimoja ukiache kitupu), kisha paka gundi nyeupe juu yake mara kadhaa, au vanishi ya maji, mpaka ing'ae. Mng'ao huo ndio kaure yako. Kusiwe na kitu kingine chochote kinachong'aa katika picha nzima, wala dhahabu, wala bati, wala shanga. Ukiweka mng'ao mahali pawili sahani inapoteza heshima yake.

Hapa wanafunzi hubishana nami. Kwa nini uchore sahani nzima ilhali kiota kitaifunika? Kwa sababu kiota kilichowekwa juu ya karatasi tupu hukaa kama pambo, na kiota kilichowekwa juu ya sahani hukaa kama mvamizi. Ukingo wa buluu utachungulia mahali ambapo hukupanga, unene utaongezeka, na jicho litajua kuna kitu chini. Utenzi wenyewe umefanya hivyo: ulituonyesha utajiri kwa kirefu, na kwa upendo hasa, kabla ya kutuonyesha buibui. Asiyejenga hana cha kubomoa.

Kama unataka maandishi ndani ya ukuta, iko njia nzuri ya kuyahamisha. Piga fotokopi ya mwandiko wako kwa mashine ya tona, kwani wino wa printa za nyumbani huyeyuka. Paka ukuta gundi nyeupe, laza fotokopi kifudifudi, ibane vizuri itoe viputo, uache mpaka kesho yake. Kisha lowesha mgongo wa karatasi kwa kitambaa na usugue polepole kwa kidole. Karatasi itatoka kwa vinyweleo na maandishi yatabaki yamenasa ukutani, hapa yamekolea, pale yamekatika. Kwa kuwa karatasi imelazwa kifudifudi, maandishi yatatoka yamegeuzwa. Mwambie mwenye mashine akugeuzie kama kwenye kioo kabla ya kupiga. Hili ni muhimu maradufu ukiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, maana mtazamaji asiyezisoma hataona kosa na anayezisoma hataona kitu kingine.

Na papo hapo kuna adabu. Utenzi huu, kama tenzi nyingi za zamani, unafunguliwa kwa jina la Mungu. Usichukue ukurasa wa kwanza wa mswada, hata nakala yake, ukaukata kwa mkasi, ukausugua na kuyaacha mabaki yake sakafuni. Chagua beti za nyumba na vyombo, au andika kwa mkono wako maneno machache ya vitu: taa, kitanda, mto. Mabaki ya karatasi yakusanye. Ukionyesha picha yako Lamu au Unguja, kuna atakayeuliza swali hili kabla ya kuuliza kuhusu rangi, naye ana haki.

Kiota, masizi na vumbi

Kiota kitengeneze kwa makumbi ya nazi. Yachambue kwa vidole, yaloweshe katika gundi iliyopunguzwa, yazungushe ndani ya kidaka mpaka yashike umbo. Ongeza nyuzi chache ulizochomoa kwenye kitambaa kikuukuu, kwani ndege wa nyumba iliyohamwa huokota anachokipata. Kama kitambaa hicho ni kanga, chomoa nyuzi tu, usibandike kipande. Kanga ina jina lake pale chini, na jina hilo ni shairi lingine litakaloanza kuzungumza juu ya la kwako.

Makinda usiyachore. Najua midomo mitatu iliyofunguka inavutia, lakini ukiichora picha itageuka ya watoto. Acha kiota kiwe tupu au kiwe na giza ndani. Viache vidaka viwili bila kiota, sahani zake zikiwa safi, na kimoja kisiwe na sahani wala kiota. Jicho litauliza lenyewe.

Masizi yanatokana na taa. Nyumba hizi ziliwaka usiku ukawa kama mchana, na taa ikiwaka muda mrefu huacha alama juu yake. Washa mshumaa, ushike ubao kwa mikono miwili ukitazama chini, upitishe tao la kidaka juu ya moto bila kusimama. Moshi utachora wenyewe. Fanya hivi kabla hujaweka makumbi, nje au dirishani, na ndoo ya maji iwe karibu, kwa sababu boksi na gundi kavu hushika moto. Masizi hayo ni vumbi tupu na kidole kitayafuta, kwa hiyo yapulizie dawa ya nywele ya chupa kutoka mbali, mara mbili, nyepesi. Baadhi ya wachoraji hukoroga masizi na gundi ya mgunga wakapata wino mweusi, na ni kweli kwamba wino wa kale ulitengenezwa kwa namna hiyo. Ukiwa na subira, andika maneno ya ukutani kwa wino huo badala ya fotokopi.

Mkaa wa kuchorea unaweza kuununua au kuuchoma mwenyewe: vijiti vyembamba vilivyokauka, vimefungwa ndani ya kopo lenye tundu dogo, juu ya jiko mpaka moshi uishe kutoka tunduni. Tumia mkaa kwa vivuli vya ndani ya vidaka tu, uupake kwa kidole. Doa la chai au kahawa nzito juu ya plasta nyeupe linatoa ukongwe unaoaminika, hasa likimiminwa na kuachwa litiririke. Bizari ya manjano iache jikoni. Rangi yake ni nzuri siku ya kwanza, na jua la dirishani linaila upesi.

Kuna utaratibu mmoja wa kukumbuka, nao ni huu: vya maji vitangulie, vya gundi vifuate, vumbi na nta viwe vya mwisho. Doa la chai halitashika juu ya nta, na gundi iliyopakwa juu ya mkaa hugeuka tope la kijivu. Ukitaka kuvunja utaratibu huu, uvunje ukijua, kama ulivyotanguliza masizi kabla ya makumbi, au kama kupaka nta mahali ambapo unataka maji yakatae.

Kubandua

Picha ikishajaa, iache siku kadhaa ikiwa imegeuzwa ukutani. Ukirudi, chukua msasa na wembe. Sugua kingo za vidaka mpaka boksi lichungulie. Bandua kona ya sahani moja kwa kuinyanyua na kuivuta kwa pembe, karatasi ichanike yenyewe, usiikate, kwa kuwa mkato wa wembe unaonyesha mkono wa mtu na mchaniko unaonyesha wakati. Angalia kama kuna kitu ulichokiweka kwa sababu kilikuwa mezani. Katika kazi hizi huwa kipo, na mara nyingi ndicho ulichokipenda zaidi.

Wengine huongeza popo katika hatua hii. Sitakuzuia. Ila uliza kama popo huyo anafanya jambo ambalo kiota hakijalifanya tayari.

Ruhusa, fremu na mgongo wa picha

Mtunzi wa Al-Inkishafi hadai hakimiliki, lakini mhariri aliyeandaa toleo ulilolisoma na mfasiri wake wanaweza kudai, hivyo ukiweka tafsiri au maelezo yao kwenye picha utakayoiuza, waulize wachapishaji. Kwa mshairi aliye hai jambo ni jepesi zaidi: mwandikie, mwonyeshe kijipicha, muombe. Kwa aliyefariki miaka ya karibuni, kama Kezilahabi aliyetutoka 2020, haki ziko kwa warithi na wachapishaji. Kutengeneza picha iliyochochewa na shairi ni jambo moja, kunakili mishororo yake ndani ya picha ni jingine, na hilo la pili ndilo linalohitaji barua.

Fremu iwe ya sanduku, yenye kina, na kioo kisiguse makumbi. Kioo kinachogusa kitu hukusanya unyevu, na pwani unyevu huzaa ukungu. Pia sikukutajia gundi ya unga wa ngano, ingawa ni rahisi na inashika karatasi vizuri: mende huipenda, na ingawa mende wamo katika utenzi, sioni haja ya kuwaalika katika picha. Usiitundike penye jua la moja kwa moja wala kwenye ukuta wa bafu.

Ukiipiga picha kwa ajili ya jarida au jalada, iegemeze karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kamera iwe sambamba na ubao, na mwanga uingie kutoka upande mmoja ili vidaka vitupe vivuli. Taa ya kamera inayomulika kutoka mbele itavisawazisha vyote na kazi yako ya sentimita moja ya kina itapotea. Piga pia picha za karibu, kidaka kimoja kimoja, maana mhariri wa jarida mara nyingi hutaka kipande.

Mgongoni andika kwa penseli jina la utenzi na mtunzi, toleo ulilolitumia, beti zilizokuongoza, mwaka, na vifaa vyote kwa mpangilio wa tabaka kuanzia ubao hadi masizi. Andika pia upande gani ni wa juu. Siku makumbi yatakapoanza kudondoka, fundi atakayeletewa picha hiyo aitengeneze atataka kujua ni gundi gani iliyotumika.